Umewekewa chuma mguuni: jinsi ya kujikinga na bonge la damu nyumbani

Anayetoka wodini baada ya kuungwa mfupa wa paja au muundi huwaza kidonda na magongo. Mimi muuguzi wa mifupa naomba awaze na mishipa pia. Mguu uliolazwa bila kutikisika damu yake hutembea polepole, na mwili uliojeruhiwa nao huwa mwepesi kugandisha damu. Bonge likijijenga kwenye mshipa wa ndani linaweza kung'oka, likapanda hadi mapafuni na kuua.

Hatua ya 1: Usitoke bila majibu. Muulize daktari: natumia dawa gani ya kuzuia damu kuganda, na naacha lini? Watu wazima wengi hupewa sindano ya enoxaparini, 40 mg kwa siku. Mwenye figo dhaifu hupangiwa dozi yake. Aliyepasuliwa nyonga anaweza kuendelea hadi siku 35.

Hatua ya 2: Kuchoma sindano. Nawa mikono. Chagua ubavu wa tumbo, mbali na kitovu kwa sentimita 5, na ubadilishe upande kila siku. Kale kapovu ka hewa ndani ya sindano iliyojazwa kiwandani usikatoe. Finya ngozi, ingiza sindano yote wima, sukuma dawa taratibu, chomoa, ndipo uachie ngozi. Usipasugue.

Hatua ya 3: Tikisa kifundo. Kama daktari hajakikataza, vuta vidole kuelekea kwako kisha visukume mbele, mara 10 kila saa ukiwa macho. Shavu la mguu likikaza husukuma damu kurudi juu. Kunywa maji, na anza magongo siku ile ile utakayoruhusiwa. Safari ndefu ya basi kwenda mkoani iahirishe ikiwezekana.

Hatua ya 4: Pima kwa futi ya fundi cherehani. Mguu uliopasuliwa huvimba hata bila bonge, kwa hiyo usitishwe na uvimbe unaopungua ukiuinua mguu. Pima shavu la mguu kila asubuhi, mahali pale pale, uandike. Uvimbe unaoongezeka, joto, au maumivu mapya ya shavu au paja, nenda hospitali siku hiyo hiyo ukafanyiwe ultrasaundi ya mishipa. Mguu wa pili nao uangalie.

Hatua ya 5: Asikuchue mtu. Hapa nasisitiza kuliko kwingine. Ndugu wakiona uvimbe huleta maji moto na mafuta, kwa mapenzi kabisa. Mguu unaoshukiwa kuwa na bonge haukandwi wala hauchuliwi mpaka upimwe, maana bonge linaweza kung'oka. Waeleze mapema, kabla uvimbe haujaja.

Hatua ya 6: Bonge likithibitishwa. Matibabu kwa kawaida huchukua angalau miezi 3. Usiache dawa kwa sababu mguu umepoa. Usijinunulie diklofenaki wala aspirini dukani. Zikichanganyika na dawa hizi, hatari ya kuvuja damu huongezeka. Anayetumia warfarini, kidonge cha kuzuia damu kuganda, apime INR (kipimo cha muda wa damu kuganda) kama alivyopangiwa, na mchicha ale kwa kiasi kile kile wiki hadi wiki.

Hatua ya 7: Hii ni dharura. Pumzi kukata ghafla, kifua kuchoma ukivuta hewa, kukohoa damu, kuzimia: usingoje kupambazuke. Ukiwa kwenye dawa za kuzuia damu kuganda, dharura ni pia choo cheusi kama lami, damu isiyokatika, au kichwa kuuma vikali baada ya kuanguka. Mapokezi, sentensi ya kwanza iwe: "Nilipasuliwa mguu tarehe fulani, natumia dawa hii," na pakiti uwe nayo mkononi.