SOMO: Kuandika barua pepe ya kuomba likizo (soma yote kabla ya kuuliza)

Kila ikikaribia Desemba nafuatwa inbox kwa swali lile lile. Naandika hapa mara moja, kwa sisi tulioajiriwa kampuni binafsi Tanzania.

1. Angalia salio lako la siku kwa afisa utumishi.

2. Ongea na bosi kwa mdomo kwanza. Barua pepe ije kuthibitisha, isije kumshtua.

3. Tarehe. Hapa tulia, maana ndipo nilipoharibu mimi.

Kazi yangu ya kwanza niliandika "naomba likizo ya siku 14 kuanzia tarehe 3", basi. Nikahesabu siku za kazi tu, nikaenda kwetu Upareni, kijijini ambako simu ilikuwa haishiki mtandao. Ofisi ilihesabu kalenda: tarehe 3 hadi 16. Niliripoti Ijumaa tarehe 21 na mfuko wa mahindi mabichi ya kuwagawia wenzangu, nikakuta juu ya kibodi bahasha ya kaki: jieleze kwa nini hukuonekana kazini siku nne. Kanuni za ajira za Tanzania za 2007 zinasema utoro wa zaidi ya siku tano za kazi unaweza kukufukuzisha. Nilibakiza mbili. Yale mahindi nilirudi nayo nyumbani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa angalau siku 28 mfululizo kwa mwaka. Mfululizo maana yake Jumamosi na Jumapili zimo, na sikukuu ikiangukia katikati imo pia. Kwa hiyo andika vitu vinne: siku ya kwanza, siku ya mwisho, idadi, na SIKU YA KURIPOTI. Taja na jina la siku, tarehe peke yake hukosewa. Usiandike "narudi tarehe 27", kwa sababu haijulikani unarudi mjini au unarudi kazini.

4. Eleza nani atashika kazi yako. Umwombe kwanza huyo mtu.

5. "Husika na kichwa cha habari hapo juu" iache kwenye barua za karatasi. Bosi anasoma kwenye simu, na kabla hajafungua anaona mstari wa kwanza tu. Ombi likae hapo.

6. Nakala kwa afisa utumishi.

Mfano:

Yah: Ombi la likizo ya mwaka, 14–27 Desemba 2026

Ndugu Meneja,

Naomba likizo ya mwaka ya siku 14 za kalenda, kuanzia Jumatatu 14 Desemba hadi Jumapili 27 Desemba 2026. Nitaripoti kazini Jumatatu 28 Desemba.

Hesabu ya stoo ya Novemba nitaikabidhi kabla ya Ijumaa 11 Desemba. Mwenzangu wa mapokezi ya mizigo amekubali kukaimu. Tarehe hizi zikigongana na ratiba ya ofisi, naweza kuanza wiki moja kabla.

Natanguliza shukrani.
(Jina, cheo, namba ya simu)

MASWALI

Kijana wa Mbezi: Dada niandikie na mimi, yangu ya siku 7.
— Mfano uko hapo juu. Badilisha tarehe.

Mzee wa Kazi: Kuomba kwa nini? Likizo ni haki, unatoa taarifa unaondoka.
— Siku ni haki yako, sijakataa popote. Lakini sheria hiyo hiyo inamwachia mwajiri kupanga lini, mradi isivuke miezi 6 baada ya mzunguko wako wa likizo (ule wa miezi 12) kuisha, au 12 ukiridhia na kazi ikilazimu. Ukiondoka bila kibali utapata bahasha kama yangu.

Mama Tausi: Pole kwa yale mahindi. Msiba ukitokea usiku naandika hivi hivi?
— Asante mama. Hapana, piga simu kwanza. Asubuhi tuma mistari miwili: nani amefariki, unasafiri wapi, utaripoti lini. Kufiwa na mwenza, mzazi, mtoto, ndugu wa kuzaliwa, babu, bibi au mjukuu kuna likizo yake ya malipo, angalau siku 4, tofauti na ya mwaka. Mjomba na shangazi hawamo, hata kama ndiye aliyekulea, na hilo linaniuma. Kwa hao omba siku kutoka likizo ya mwaka, na useme wazi kwamba ndiye aliyekulea. Mabosi wengi wanaelewa.

Wa Nairobi: Huku kwetu ni siku 21 za kazi, wikendi haihesabiwi. Mfano utafaa?
— Swali zuri sana. Utafaa, ila andika "siku 21 za kazi" kama sheria yenu ya 2007 inavyosema, kisha hesabu upya siku ya kuripoti.

Kijana wa Mbezi: Bosi kajibu "sawa" WhatsApp, inatosha?
— Hapana. Mjibu kwa barua pepe: "Asante kwa kuridhia likizo yangu ya tarehe fulani hadi fulani."

Binti Kilimanjaro: Nyongeza kwa wanaopanda Moshi Desemba: ombeni Oktoba. Ofisi yetu nusu ni Wachagga, wa mwisho kuomba ndiye anayelinda ofisi Krismasi. Na tiketi usikate kabla ya kibali.
— Kweli kabisa. Na majibu ya kibali jitumieni kwenye barua pepe binafsi. Ile ya ofisi siku ukifungiwa hutaiona tena.