Somo: Kudai fidia ya bima kubwa gari linapoharibika kiasi cha kutotengenezeka

Somo hili linawahusu wenye magari binafsi nchini Tanzania waliokata bima kubwa. Aliyekata bima ndogo, ambayo kwa miaka mingi imelipiwa shilingi 118,000 pamoja na VAT, hana dai la gari lake kwenye kampuni yake mwenyewe. Atadai kwenye bima ya aliyemgonga, ikiwa huyo ndiye mwenye kosa. Ninaliandika kwa sababu lori liliponigonga karibu na Chalinze nilitia saini karatasi ambayo sikuielewa, na hasara yake niliibeba peke yangu.

Hatua ya kwanza: gari likiwa bado barabarani. Baada ya majeruhi kuhudumiwa na trafiki kuitwa, lipige picha gari pande zote kabla halijavutwa: namba, tairi, viti na kilomita zinazoonekana kwenye dashibodi. Mkadiriaji, yaani mtu anayetumwa na kampuni ya bima kupima hasara, atalikuta yadi, pengine likiwa limeshanyofolewa betri na redio, na picha zako ndizo zitakazosema lilikuwaje. Itaarifu kampuni kwa maandishi hata kama umeshapiga simu, wala usiruhusu gereji ianze kulifungua. Polisi watakupa ripoti ya ukaguzi wa gari.

Hatua ya pili: thamani. Hapa ndipo penye mvutano wote. Bima hukurudisha ulipokuwa kabla ya ajali, haikupi faida. Kama gari ulilikatia bima kwa shilingi milioni 20, ukalipa ada ya asilimia 3.5, yaani 700,000, lakini siku ya ajali sokoni lilikuwa la milioni 15, tarajia milioni 15. Ukilikatia kwa milioni 12 ili kupunguza ada, hutavuka milioni 12. Kwa hiyo omba nakala ya ripoti ya mkadiriaji, kisha uilinganishe na bei za magari ya aina hiyohiyo, mwaka uleule na kilomita zinazokaribiana, ambazo wauzaji wa mjini kwako wanazitangaza wiki hiyo. Ambatisha na risiti za matengenezo, kwa maana injini iliyobadilishwa mwaka jana haionekani kwa macho.

Hatua ya tatu: mabaki, yaani gari lenyewe lililoharibika. Ama kampuni inachukua mabaki na kukulipa thamani yote, ukiondoa sehemu ya hasara ambayo mkataba unakutaka uibebe, ama unabaki nayo na bei yake inakatwa. Ukibaki nayo, thamani ikiwa milioni 15, sehemu yako 500,000 na mabaki milioni 3, utapokea milioni 11.5. Waulize bei hiyo ya mabaki imetoka kwa mnunuzi gani. Kama hakuna fundi anayekubali kuyanunua kwa milioni 3, waachie wenyewe.

Hatua ya nne: saini. Hati ya kukubali malipo husema kwamba huna dai lingine lolote. Usiitie saini kabla hujaoneshwa hesabu yote kwa maandishi. Mkishindwana, peleka malalamiko rasmi kwa kampuni, na jibu lisiporidhisha, nenda TIRA, yaani mamlaka inayosimamia kampuni za bima, au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye ofisi yake imewekwa na Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, gari langu lina mkopo wa benki. Fedha nitalipwa mimi?*
Dada yangu, benki iliyoandikwa kwenye mkataba wa bima hulipwa kwanza, nawe unapewa kinachobaki. Deni likizidi fidia, salio linabaki juu yako, hivyo wajulishe benki mapema.

*Nimenunua gari ila kadi na bima bado vina jina la aliyeniuzia. Nitalipwa?*
Uko hatarini sana, kaka. Mkataba ni kati ya kampuni na yule aliyeuza, naye hana tena mali ya kupoteza. Badilisha kadi na bima kabla hujaliingiza barabarani.

*Aliyekuwa anaendesha ni mdogo wangu, na leseni yake ilikuwa imeisha. Niseme ni mimi?*
Hapana, usiseme hivyo. Mkataba hudai dereva mwenye leseni halali, na dai hilo laweza kukataliwa. Lakini ukisema uongo utakuwa umetenda jinai, na jina la dereva tayari liko kwenye ripoti ya polisi.