Kibali cha ujenzi kwa kiwanja cha bondeni Dar es Salaam: anza na futi kamba, ramani baadaye

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Wateja wa bondeni wanakuja na swali moja: "Kiwanja kiko karibu na mto, kibali kitatoka?" Huwa sipokei hela ya mtu huyo kabla hatujaenda kupima, maana ramani nzuri ya kiwanja kibaya ni karatasi ya kufungia maandazi.

Namba ya kukumbuka ni 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na vilevile kutoka bahari na ziwa. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 nayo inaihesabu ardhi hiyo ya kando ya mto kuwa hatarishi. Ukiwa ndani ya hizo mita 60, nyumba yako haina fomu ya kujaza. Atakayekwambia ana mtu wake ofisini anakuuzia X nyekundu ukutani. Waliobomolewa Mkwajuni na Jangwani kati ya Desemba 2015 na Januari 2016 wanaijua hiyo X, na baadhi yao walikuwa na karatasi za aina moja au nyingine mkononi.

Sasa kupima. Watu wengi wanakosea hapa, maana wanaanzia kwenye maji. Mto Mlalakuwa wakati wa kiangazi unaweza kuuruka bila kuvua viatu, lakini ukingo wake hauko pale maji yalipo. Ukingo ni pale ardhi inapokatika kuelekea chini. Mwenzako ashike ncha ya futi kamba hapo, wewe uvute hadi itakapokaa kona ya nyumba iliyo karibu zaidi na mto. Hatua za miguu usizihesabu. Nina mteja kando ya Mto Mbezi aliyeuziwa kwa "hatua 90". Tulipopima tukapata mita 71. Tukarudi baada ya masika mbili, zimebaki 64. Udongo wa pale ni wa kichanga, na huko juu watu wanachota mchanga mtoni, kwa hiyo kila mvua kubwa ukingo unameguka kama mkate. Tukaisogeza nyumba hadi karibu na mpaka wa juu wa kiwanja, tukiacha tu nafasi inayotakiwa kati yake na jirani. Mama mwenye nyumba hakufurahi, baraza lake la kuangalia mto lilikufa pale pale.

Halafu tazama kuta za majirani. Mafuriko huacha mstari wa tope, wakati mwingine hata chini ya rangi mpya unauona, plasta imevimba kwa usawa mmoja nyumba hadi nyumba. Dalali atasema, "Bosi, hapa hapajai." Muulize anayeuza genge kwenye kona, tena mtajie miaka: Desemba 2011, Aprili 2014, Aprili 2018. Ramani Huria nao, mradi wa kuchora ramani pamoja na wakazi, tangu 2015 wamechora mitaa mingi ya jiji pamoja na mitaro na maeneo yanayojaa maji.

Kipimo kikikubali, nenda ofisi ya serikali ya mtaa ujitambulishe, kisha idara ya mipango miji ya halmashauri husika. Iliyokuwa Manispaa ya Ilala sasa ni Jiji. Zilizobaki ni Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni. Omba kuona mchoro wa mipango miji wa eneo lako. Unachotafuta ni matumizi: kiwanja kimeandikwa makazi, au kimeangukia eneo la wazi au hifadhi ya mto? Leseni ya makazi au mkataba wa mauziano uliogongwa muhuri wa mtaa haubadilishi kilichoandikwa kwenye mchoro. Na kama ni Bonde la Msimbazi upande wa Jangwani, okoa nauli yako: eneo hilo liko ndani ya mradi wa kuendeleza bonde unaosimamiwa na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na watu wamelipwa fidia ili wahame.

Ukitaka kuugusa mto wenyewe, iwe kuweka gabioni (mawe ndani ya vizimba vya waya) au kuchepusha maji, unahitaji pia idhini ya Bodi ya Maji Bonde la Wami/Ruvu. Halmashauri haiwezi kukupa hiyo. Kituo cha mafuta, kiwanda au hoteli ni habari ya NEMC, taasisi ya taifa ya mazingira, pamoja na tathmini ya athari kwa mazingira, na hiyo ianze mapema.

Nyaraka zenyewe si nyingi: hati au ofa ya kiwanja, risiti ya kodi ya pango la ardhi, kitambulisho cha NIDA, ramani ya nyumba, na michoro ya nondo iliyosainiwa na mhandisi kama ni ghorofa. Kwa kiwanja cha bondeni mimi huongeza kitu kimoja hata kama hakijaombwa: kwenye ramani ya kiwanja nauchora ukingo wa mto na kuandika umbali wake hadi ukuta wa nyumba. Bila hiyo, afisa atakayefungua faili lako ataona alama ya mto kwenye ramani yake na ataliweka pembeni. Onyesha pia usawa wa sakafu ukilinganisha na ule mstari wa tope, mahali pa shimo la choo, na maji ya paa yanakoelekea. Usiandike kuwa utajaza kifusi kiwanja kizima. Maji uliyoyafukuza yataenda kwa jirani, na jirani atakwenda kulalamika.

Maombi yanapitia mfumo wa TAUSI wa TAMISEMI. Unafungua akaunti kwa namba yako ya NIDA, unachagua halmashauri, unapakia nyaraka, unapata kontroo namba. Lipa kwa namba hiyo tu. Hela ya "kuharakisha" haina risiti, na faili likikwama huna pa kuidai.

Kisha wataalamu wanakuja kukagua kiwanja. Uwepo mwenyewe, na futi kamba uje nayo. Wakiandika marekebisho, rekebisha hilo tu walilolitaja na uwasilishe tena. Mteja wangu mmoja alitumia nafasi hiyo kuongeza chumba, faili likaanza upya. Usichimbe msingi kabla kibali hakijatoka, na kikitoka mwite mkaguzi aone msingi kabla hujapiga jamvi.

Kibali kiprinti nakala tatu. Moja ikae saiti, moja kwa ndugu anayekaa mlimani, na ya tatu isikae kwenye droo ya chini.