SOMO: Daftari la ajali kazini kwa taasisi za umma, hatua kwa hatua

Wadau, habari za majukumu.

Kila mara napokea swali lile lile kutoka kwa maafisa utumishi, wasimamizi wa karakana na wawakilishi wa usalama wa taasisi za umma hapa Arusha na kule Moshi: "Tumeambiwa tutunze kumbukumbu za ajali, tunaanzia wapi?" Nimelijibu kwa simu, nimelijibu WhatsApp, nimelijibu nikiwa nimesimama kwenye daladala ya Kijenge. Leo naliandika lote hapa. Mkiulizwa, wapeni uzi huu.

Mifano yangu mingi ni ya maji na majitaka kwa kuwa ndiko nilikofanyia kazi. Wa barabara, hifadhi, misitu na halmashauri mtabadilisha majina ya vifaa tu.

Kwanza tuondoe hili la "sisi ni serikali, hayo ni ya viwandani." Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA (wakala wa serikali wa usalama na afya kazini), haikuwaacha watumishi wa umma nje. Na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaohudumia sekta ya umma na binafsi Tanzania Bara, umekuwa ukipokea michango ya waajiri tangu Julai 2015. Mwajiri wako anachangia kwa ajili yako. Ukiumia na ofisi ikakosa kumbukumbu, haki unayo ila ushahidi huna.

Hatua ya 1. Teueni mwakilishi wa usalama na afya, kwa barua, na jina lake libandikwe ubaoni.

Hatua ya 2. Nunueni daftari gumu la kaunta. Chora safu hizi: tarehe na saa ya ajali; mahali hasa (si "site", andika "chemba ya valvu nyuma ya soko"); jina na kazi ya aliyeumia; alikuwa anafanya nini; kiungo kilichoumia; huduma aliyopewa na hospitali aliyopelekwa; siku alizokosa kazini; chanzo; kilichofanyika ili isijirudie; nani anawajibika na mwisho lini. Baadaye mkitaka hamishieni kwenye Excel, lakini daftari libaki. Karatasi za kupachika kwenye faili hupotea.

Hatua ya 3. Andikeni siku hiyo hiyo, kwa maneno ya aliyeumia na ya shahidi mmoja.

Hatua ya 4. Toeni taarifa nje. WCF wanataka mwajiri awataarifu ndani ya siku 7 tangu apate habari za ajali. OSHA Kanda ya Kaskazini wapo hapa hapa Arusha. Ajali kubwa, na zaidi ya yote ya kifo, wapigieni simu papo hapo, na eneo lisiguswe isipokuwa kwa kumwokoa mtu. Jambo moja linasahaulika sana: mgonjwa akifika hospitali, aseme wazi kwamba ameumia kazini na ahakikishe daktari ameliandika. Ukisema tu "nimeanguka," cheti kitasema umeanguka, na hakuna atakayejua kama ulianguka kwenye tangi la maji au bafuni kwako.

Hatua ya 5. Safu ya "chanzo". Hapa naomba msome polepole, kwa sababu ndipo madaftari mengi yanapofia.

Ofisi moja niliyopata kufanya kazi, fundi alisagwa kidole akifungua mfuniko wa chemba. Kwenye safu ya chanzo msimamizi akaandika: "Uzembe wa fundi." Fundi akapewa barua ya onyo, kazi ikaendelea. Kabla mwaka haujaisha, mfuniko ule ule ukamsaga mtu mwingine, safari hii kiganja kizima. Ndipo tukaenda kuuangalia. Ni mfuniko wa chuma cha kumimina, mzito, wenye matundu mawili ya kuingizia kulabu. Kulabu zilishakatika zamani. Mafundi walikuwa wanatumia kipande cha nondo kilichopinda, ncha yake imeng'aa kwa kuteleza. Mfuniko ukifika nusu, nondo inazunguka ndani ya tundu, mfuniko unarudi chini, na vidole viko ukingoni kwa sababu hakuna pengine pa kushika. Maombi ya kulabu mpya yalikuwa kwenye faili la ugavi, yamesainiwa, yamelala. Kulabu mbili fundi wa kuchomelea pale mtaa wa Unga Limited anakutengenezea kabla ya chai ya saa nne.

Kwa hiyo endeleeni kuuliza "kwa nini" mpaka mfike kwenye jibu ambalo ofisi inaweza kulinunua, kulitengeneza, kulibadilisha au kulipiga marufuku. Kwa nini kidole kilisagwa? Nondo iliteleza. Kwa nini nondo? Kulabu hakuna. Kwa nini hakuna? Maombi hayakushughulikiwa. Hapo simama, na hapo ndipo andika jina la anayewajibika.

Tahadhari za hatua hii:

– Maneno "uzembe", "haraka", "hakuwa makini" na "bahati mbaya" yasikubaliwe kwenye safu ya chanzo. Hayo hayatengenezeki.

– Fomu ya ajali isigeuzwe kuwa shauri la nidhamu. Kama kuna nidhamu, iende kwa njia yake na faili lake. Mtu wa kwanza akiadhibiwa kwa kutoa taarifa, wa pili atafunga kidole kwa kitambaa na kunyamaza. Daftari litakuwa safi, na watu wataendelea kuumia.

– Msikimbilie kuandika "wapewe glovu". Glovu ni ulinzi wa mwisho. Anzeni na kuiondoa hatari yenyewe, kisha kubadilisha kifaa au dawa, kisha kinga ya mashine au uzio, kisha utaratibu wa kazi na mafunzo. Ndipo glovu, buti na helmeti. Glovu isingezuia ule mfuniko.

Hatua ya 6. Andikeni na nusura. Ngazi imeteleza mtu akaruka, jiwe limedondoka mtaroni hapakuwa na mtu, pikipiki ya ofisi imekata breki kwenye mteremko dereva akajikwamua. Nusura ni ajali iliyokuja bila bili ya hospitali. Tengeni kurasa za nyuma za daftari, na mtu aruhusiwe kuandika bila jina. Hii ndiyo sehemu inayookoa watu.

Hatua ya 7. Kila mwezi lisomeni daftari kwenye kikao ambacho mkuu wa ofisi yupo, na mhasibu yupo. Bila mhasibu mtakubaliana mengi na hakuna litakalonunuliwa.

Maswali karibuni.

---

KaraniMpya_Moshi: Mkuu naomba hiyo fomu inbox.

Mwandishi: Soma hatua ya 2. Safu zote zimo. Chora kwa rula.

KaraniMpya_Moshi: Nilidhani kuna fomu maalumu ya serikali.

Mwandishi: Fomu za WCF na OSHA ni za kutoa taarifa nje, unazichukua kwao. Daftari ni la kwenu la ndani. Usisubiri moja ili uanze jingine.

MzeeWaStoo: Ofisi za umma watu wanakaa kwenye viti kutwa. Hizo ajali mnazitoa wapi? Mnatafuta posho za semina.

Mwandishi: Mzee wangu, anayefungua maji saa nane usiku bomba likipasuka ni mtumishi wa umma. Anayeingia chemba ya majitaka, anayepanda nguzo, askari wa hifadhi anayekutana na nyati, nesi anayechomwa sindano, wote ni watumishi wa umma. Hata huyo wa kwenye kiti anaanguka kwenye ngazi iliyopigwa deki bila kibao. Posho sijaiomba popote kwenye andiko hili.

Dada_Mita: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msoma mita. Nilishang'atwa na mbwa nikiwa kazini, nikaambiwa hiyo si ajali ya kazi, ni mambo ya mtaani, nimalizane na mwenye mbwa. Ni sahihi?

Mwandishi: Marahaba dada, na pole sana. Si sahihi. Uliingia ule ua kwa kuwa kazi ilikupeleka, kwa hiyo ni ajali ya kazini na ilitakiwa kuandikwa na kutolewa taarifa. Kama haijapita miezi 12, fuatilia sasa, maana madai nayo yana ukomo wa muda huo. Kusanya cheti cha hospitali, ratiba ya njia yako siku hiyo, na jina la aliyeshuhudia.

Na wengine wote mnaotembea majumbani: mbwa akikung'ata, au hata akikuparuza ngozi ikachanika, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hapo hapo, kwa bomba lililo karibu. Halafu hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Kabla ya dalili, chanjo inazuia. Usisubiri kuona kama mbwa atakufa.

Mtakwimu_Njiro: Somo zuri. Swali: tuna idara ya mtandao wa mabomba yenye watu 40 na kituo cha kusafisha maji chenye watu 10. Mwaka jana mtandao walipata ajali 3, kituo 1. Bosi anasema mtandao ndio wabaya. Inalinganishwaje kwa haki?

Mwandishi: Swali nililokuwa nalisubiri. Linganisha kwa saa za kazi, si kwa idadi ya ajali. Chukua ajali zilizomfanya mtu akose kazi, zidisha kwa 1,000,000, gawanya kwa saa zote zilizofanyika kazi. Chukulia saa 45 kwa wiki, wiki 50. Mtandao: 40 × 45 × 50 = saa 90,000. Ajali 3 zinakupa 33. Kituo: 10 × 45 × 50 = saa 22,500. Ajali 1 inakupa 44. Kwa hesabu hiyo mtandao si wabaya kuliko kituo.

Ila sasa usigeuke ukawasimange wa kituo. Kwa watu 10, ajali moja ikitokea au isipotokea inapeleka namba kutoka 44 hadi sifuri. Kwa vikundi vidogo jumlisha hesabu za miaka mitatu au minne pamoja, na uangalie zaidi nusura. Ukikuta ripoti za Marekani zinatumia 200,000 badala ya milioni, usichanganyikiwe: hizo ni saa za watu 100, saa 40 kwa wiki, wiki 50. Chagueni moja na msiibadilishe katikati.

Mtakwimu_Njiro: Ubarikiwe. Na saa za ziada?

Mwandishi: Ziingize. Mtu aliyeamshwa usiku kwenda kufunga bomba ndiye aliye kwenye hatari kubwa zaidi, akiachwa nje hesabu inadanganya.

Afisa_U: Kila mtumishi ana NHIF. Akiumia anatibiwa. Kwa nini tujisumbue na WCF?

Mwandishi: Kadi ya bima inatibu. Hailipi fidia ya ulemavu wa kudumu, wala haitoi pensheni kwa wategemezi mtu akifariki. Ndugu yangu, wewe ndiye uliyekalia kiti cha kuwatetea hawa watu.

Afisa_U: Nimekuelewa. Nilikuwa nauliza tu.

Mwandishi: Sawa kabisa. Pitia majalada ya ruhusa za ugonjwa ya miezi 12 iliyopita, utapata ajali zilizojificha humo. Zile zenye "mkono", "mgongo", "jicho".

Binti_wa_Pasua: Mkuu wetu anataka ripoti isomeke "ajali sifuri" kila robo mwaka. Tukiandika, anakasirika. Tufanyeje?

Mwandishi: Mpe kitu kingine cha kujivunia. Anzeni kuripoti nusura zilizoandikwa na hatari zilizoondolewa: "Robo hii tumepokea nusura kadhaa, tumetengeneza hizi." Namba ya nusura ikipanda ni dalili kwamba watu wanamwamini. Na mkumbushe kwa upole kwamba asiyetaarifu ajali anavunja sheria, na saini iliyo kwenye ripoti ni yake.

Chemba_Boy: Mafundi wa zamani wanasema chemba ya majitaka ikinuka yai viza sana ndiyo mbaya, harufu ikiisha unaingia. Kuna ukweli?

Mwandishi: Hapana, na tafadhali mweleze kila unayefanya naye kazi, leo. Ile gesi, haidrojeni salfaidi, ikiwa kidogo inanuka. Ikiwa nyingi inaua uwezo wa pua kunusa. Harufu ikipotea ghafla inaweza kuwa imezidi. Kinachopima ni kipima gesi kinachoteremshwa kwa kamba kabla mtu hajaingia, na kinabaki naye muda wote. Pulizeni hewa safi kwanza, mtu avae mkanda wa mwili uliofungwa kwenye kamba na winchi ya juu, na juu abaki mwenzake asiyeondoka. Wa chini akianguka, mvute kwa kamba. USISHUKE kumfuata. Kwenye ajali za namna hii waokoaji wanakufa juu ya yule waliyemfuata. Kama ofisi haina kipima gesi, hakuna kuingia, na hilo liandikwe kwenye daftari kama hatari iliyo wazi.

Chemba_Boy: Hatuna hata kimoja.

Mwandishi: Basi hiyo ndiyo ajenda yenu ya kwanza hatua ya 7. Nitumie jina la mwakilishi wenu, nitamsaidia kuandika maombi.

Kibosho_Fundi: Kuhusu mbwa: sisi huku Moshi wasoma mita wanaweka alama kwenye orodha ya njia, nyumba yenye mbwa asiyefungwa. Mteja anapigiwa simu siku moja kabla.

Mwandishi: Nzuri sana, naiongeza hatua ya 6. Wanaosoma kwa simu wasiiweke kwenye kumbukumbu zao binafsi, waiandike kwenye akaunti ya mteja, ili msoma mita mpya akipewa ile njia aione kabla hajafungua geti.