Kusuka Upya Injini ya Subaru EJ20 ya Tabo Nyumbani Arusha

Mwongozo huu unahusu EJ20 yenye tabo (turbo, feni inayosukuma hewa ndani ya injini), injini ya Subaru Impreza WRX, ambayo silinda zake nne zimelala mbili kulia na mbili kushoto, kila moja ikiwa na kipenyo cha milimita 92 na mwendo wa pistoni wa milimita 75. Mwenye spana ya toki (inayopima nguvu ya kukaza), maikromita na geji ya kupimia kipenyo cha ndani anaweza kuisuka nyumbani. Asiye na vifaa hivyo, hata akiagiza spea mpya zote kutoka Kariakoo, anabahatisha tu.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kufungua

Injini ikiwa bado na joto, ondoa plagi zote, kata umeme wa cheche na wa pampu ya petroli, kanyaga mafuta hadi mwisho, kisha piga stata na usome kompresheni ya kila silinda. Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa yetu ni kama asilimia 85 ya ule wa Tanga. Kwa hiyo silinda nzima ambayo pwani ingesoma psi 150, hapa itasoma karibu 127. Mji wa Moshi, ulio chini zaidi, hupungukiwa na takribani asilimia 10. Injini kadhaa nzima zimehukumiwa kifo mjini hapa kwa sababu hiyo, nami hutazama zaidi tofauti kati ya silinda na silinda kuliko namba yenyewe.

Kipimo cha kumimina oili kwenye tundu la plagi hakiaminiki hapa, kwa kuwa silinda zimelala na oili hutuama upande wa chini. Badala yake, weka valvu za silinda husika katika hali ya kufunga, ingiza hewa ya kompresa, usikilize inakotokea: ikivuma kwenye mdomo wa oili, ringi zimekwisha, kwenye ekzosi, ni valvu, rejeta ikitoa mapovu, shuku gasketi ya hedi (kifuniko cha silinda).

Hatua ya 2: Shusha na ukague sampu

Injini hii ni fupi na nyepesi, hivyo mnyororo mmoja wa kunyanyulia na msaidizi mmoja vinatosha. Ukishafungua sampu (bakuli la oili chini ya injini), chunguza oili kwenye mwanga wa jua. Ukiona chembe zinazometameta, metali za konrodi (vibati laini kati ya fimbo ya pistoni na krenki, mhimili mkuu wa injini) zimelika, na chembe hizo zimekwisha kusambaa hadi kwenye tabo na kwenye kipoza oili kilicho nyuma ya filta. Kipoza hicho hakioshwi kikatakata, nunua kingine. Kagua pia bomba la kunyonyea oili, kwa sababu likiwa na ufa pampu huvuta hewa, na metali mpya zitakufa kama za zamani.

Hatua ya 3: Tenganisha bloku

Hapa ndipo fundi aliyezoea injini za Toyota huduwaa. Bloku imegawanyika katikati kwa wima, na krenki imebanwa kati ya nusu mbili, kwa hiyo huwezi kufikia bolti za konrodi kabla ya kuzitenganisha. Baada ya kutoa hedi, fungua vizibo vilivyo mbele na nyuma ya bloku, zungusha krenki mpaka pini ya pistoni ilingane na tundu, toa klipu kwa koleo lenye mdomo mrefu, kisha vuta pini. Silinda ya 1 na ya 2 hufikiwa kutoka mbele, ya 3 na ya 4 kutoka nyuma. Ziba njia za chini kwa kitambaa safi kwanza, maana klipu hupenda kuruka. Andika namba kwenye kila pistoni.

Hatua ya 4: Vipimo

Pima kila silinda katika vimo vitatu na pande mbili zinazokatana, ili ujue kama imekuwa yai au imepanuka juu. Pima shingo za krenki (sehemu za duara zinazozunguka ndani ya metali) kwa namna hiyo hiyo. Nafasi ya oili kati ya metali na shingo ni sehemu chache za mia za milimita, na kitabu cha mwaka wa injini yako ndicho mwamuzi, si mazoea. Kazi ya kuchonga silinda au krenki ipeleke kwa wenye mashine, ukiwa na vipimo vyako mkononi. Bloku ikirudi, ioshe tena wewe mwenyewe kwa maji ya moto na sabuni, kisha ipake oili na kuifunika, kwani vumbi la kiangazi halibishi hodi.

Hatua ya 5: Funga

Nusu za bloku hazina gasketi ya karatasi, bali huunganishwa kwa silikoni iliyopakwa kama uzi mwembamba. Ikizidi hukatika ndani na kuziba njia za oili. Bolti za hedi hukazwa, hulegezwa, kisha hukazwa tena kwa toki na kwa nyuzi za pembe, kwa mpangilio wa kitabu. Kwenye mkanda wa taimingi, linganisha alama ya mstari kwenye gia ya krenki, si ya mshale. Zungusha kwa mkono mizunguko miwili kabla ya kuamini, kwa kuwa mkanda ukikosewa valvu hugonga pistoni.

Hatua ya 6: Washa na uizoeshe

Petroli ikiwa imekatwa, piga stata kwa vipindi vifupi hadi taa ya oili izime, ndipo uwashe. Usiiache ikinguruma mahali pamoja kwa muda mrefu, kwa sababu ringi hukaa vizuri pale mgandamizo wa moto unapozisukuma kwenye ukuta wa silinda. Barabara ya Moshi inafaa sana: vibao vya 50 vya kila kijiji, ambavyo madereva huvilaani, hukulazimisha kupunguza na kuongeza mwendo tena na tena, nayo ndiyo kazi inayotakiwa. Ukirudi, mwaga oili ikiwa bado na joto, kata filta kwa kikatio kisichoacha chembe, ukunjue karatasi yake na utafute chembe.