SOMO: Tumbo kuuma baada ya operesheni ya kizazi. Soma kwanza, ndipo uulize

Swali hili linarudi kila wiki, sasa naliandika mara moja. Ni kwa waliotolewa kizazi, fibromu (uvimbe wa kizazi) au kisti (kifuko chenye maji), na waliopasuliwa kwa kuzaa.

1. Hesabu: leo ni siku ya ngapi tangu upasuliwe?

2. Pima joto kabla ya kumeza paracetamol, si baada. Likifika 38, rudi hospitali.

3. Umejamba? Msicheke. Matumbo hulegea baada ya operesheni, na tramadol, dawa ya maumivu, huyafunga zaidi. Hewa iliyonaswa huuma kweli. Tembea nyumbani, kunywa maji. Ila tumbo likijaa, hewa haitoki na unatapika, usingoje asubuhi: huenda utumbo umesimama.

4. Mkojo ukikataa au ukichoma baada ya kutolewa sonde (mrija wa mkojo), waambie hospitalini.

5. Hapa ndipo wengi wanapotea. Maumivu ya kidonda hushuka siku kwa siku. Yakishuka halafu yakapanda tena, tuseme siku ya sita au ya nane, msiseme "nimefagia sana". Inaweza kuwa mikrobu, usaha, au damu iliyojikusanya ndani. Ngozi yaweza kuwa kavu na safi huku usaha uko chini, kwa hiyo msijipime kwa kioo. Ubavu mmoja ukiuma pamoja na homa, au mkojo ukivuja wenyewe, huenda njia ya mkojo imeumia: rudi kwa aliyekupasua, si kwa muuza dawa wa kona. Na lavema (dawa ya kuingizwa njia ya haja kubwa) ya majani, HAPANA.

6. Bidoni ya lita 20 ni kilo 20. Wiki sita, abebe mwingine.

MASWALI

Mama Neema, Kadutu: Dada, tumbo linaniuma, ninywe nini?
– Siku ya ngapi? Joto? Hewa inatoka? Soma, mama.

Mama Ushindi: Mama mkwe alinikanda kwa maji ya moto nikapona. Mnatuogopesha tu.
– Mungu asifiwe. Bado sitaandika kwamba ni salama kukanda kidonda kibichi.

Furaha, Ibanda: Nilitolewa kisti kwa kamera. Bega ndilo linauma kuliko tumbo! Kwa nini?
– Swali zuri. Tumbo hujazwa gesi ili kamera ione. Inayobaki husumbua diaframu, ule msuli chini ya mapafu, na neva yake hutoka shingoni, jirani na zile za bega. Ubongo unakosea anwani. Huisha kwa siku chache. Lakini ukikosa pumzi, au mguu mmoja ukivimba na kuuma, kimbia: inaweza kuwa damu iliyoganda.

Baba Jospin: Mke wangu alipasuliwa miaka miwili iliyopita, bado tumbo linamvuta.
– Makovu ya ndani huweza kushikanisha viungo. Pia endometriozi, nyama kama ya ndani ya kizazi inayoota nje yake, huweza kuota kwenye kovu: kijivimbe kinachouma wakati wa hedhi. Aandike tarehe za maumivu na za hedhi, ampelekee muganga wa hospitali. Asante kwa kumuulizia.

Furaha: Mimi nilikuwa nabana mto tumboni nikikohoa.
– Vizuri sana. Na ndani ya taksi pia, mashimo ya barabara zetu mnayajua.