Kupiga filamu ya ndugu wanaogombea mkarafuu, kwa simu moja

Vijana fulani wa Wete waliniletea filamu yao niitazame. Waigizaji wazuri, maneno makali, na hakuna aliyecheka, maana kila neno lilifika limechelewa kidogo. Mwongozo huu ni wa anayetaka kutengeneza kichekesho kichungu cha ndugu wa tumbo moja kwa fedha ya nauli na urojo.

Hatua ya 1: Hadithi
Nyumba moja, ndugu watatu, kitu kimoja. Chukua shamba la mikarafuu 11. Mama alishatangulia (angekuwepo, thumuni yake ingetoka kwanza). Watoto ni waume wawili na mke mmoja: mume mafungu mawili, mke moja, jumla matano. Kila fungu miti miwili. Kaka wanapata minne minne, dada miwili, umebaki mmoja. Filamu nzima ni huo mmoja. Na baba hajafa. Yumo chumba cha uani, anasikia kila kitu, na mirathi haigawiwi mwenyewe angali anapumua.

Waigizaji wasichekeshe. Waambie wanaigiza msiba. Atakayeikonyeza kamera arudi kwao.

Hatua ya 2: Kibali
BASSFU, yaani Baraza la Sanaa, Sensa ya Filamu na Utamaduni la Zanzibar, halafu sheha, mkuu wa mtaa. Nenda na muswada uliokamilika.

Hatua ya 3: Picha
Fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde, shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, ukiweka vyengine taa za tyubu zinaweza kupepesa kwenye picha. Funga fokasi na mwanga. Tumia programu ya Blackmagic Camera, ni ya bure; kamera iliyokuja na simu hujiamulia itakavyo.

Hatua ya 4: Sauti
Fedha yote iende hapa. Ndugu wakigombana hawangojani: huyu hajamaliza, yule kashaingia. Basi kila mmoja avae maiki yake kifuani, ndani ya kanzu au buibui, ibanwe kwa plasta isikwaruzwe na nguo. Picha ya mbali waache wakatizane watakavyo. Picha ya karibu asemaye aseme peke yake, wenziwe wangoje, na makatizano uyatie wakati wa kuhariri. Bila ya hivyo hutapata pa kukata.

Kinasa sauti kiweke 48 kHz, si 44.1. Mwanzo wa kila kipande piga kofi moja mbele ya kamera, kisha oanisha mlio na fremu ambayo viganja vimegusana.

Kofi peke yake halitoshi, na hapo ndipo wale vijana walipokwama. Simu nyingi hazishiki fremu 25 sawasawa. Huongeza na kupunguza zenyewe, hasa mwanga ukiwa hafifu. Kipande kinaanza midomo na sauti vikipatana, kikiendelea dada ameshafunga mdomo ndipo tusi linasikika. Usianze kusogeza sauti kidogo kidogo, utakesha. Pitisha faili zote za picha kwenye HandBrake, programu ya kugeuza faili za video, weka 25, chagua palipoandikwa Constant Framerate. Fanya hivyo KABLA hujakata chochote, maana ukibadilisha faili katikati ya kazi, pale ulipokata panaweza kuhama. Faili za asili usizifute. Hata ukiwa na programu nzuri ya kamera, pitisha tu. Na piga vipande vifupi, ili sauti ikiteleza iteleze kidogo.

Kelele nazo. Jua saa za adhana; ikianza, simama. Mjini Unguja kuna kunguru, shamba kuna majogoo. Masika, Machi hadi Mei, usipange mazungumzo chini ya bati. Friji izime, na ufunguo wa vespa utie humo humo ndani, hutaondoka ukaacha samaki wa watu wakaoza. Mwisho, watu wote kimya, rekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba. Utaihitaji kuziba mapengo.

Hatua ya 5: Kuhariri
DaVinci Resolve, toleo la bure. Programu za simu zenye vibandiko na vicheko vilivyorekodiwa tayari, sizitaki hata kuzisikia. Baada ya neno kali, mwonyeshe aliyeambiwa, si aliyesema.

Hatua ya 6: Kuonyesha
Ukitaka kuipeleka ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la Zanzibar, tia tafsiri ya Kiingereza chini ya picha mapema, na ndugu wawili wakisema kwa pamoja, andika la mmoja tu, lile linalouma zaidi.